Giralda ya Seville: mnara unaopandwa bila ngazi

Wageni wengi wanaofika Seville, kusini mwa Uhispania, huupanda mnara wa Giralda mbiombio, wakapiga picha za mapaa ya mji, wakashuka. Mandhari ya juu ni mazuri, hilo halina ubishi. Lakini makubwa ya mnara huu yako ndani ya kuta zake na chini kabisa kwenye msingi, na anayepanda akiwaza kileleni tu anayapita bila kuyaona. Haya ni maelezo kwa anayetaka kuujua kabla hajakata tiketi: ulijengwa vipi, nani aliongeza nini, kwa nini haukubomolewa ulipobadilisha wenyewe, na siku ya kuuzuru ujipange namna gani.

Mnara wa adhana

Waliojenga ni Muwahidun, dola ya Waislamu wa Kiberiberi iliyotawala Moroko na Andalus, yaani sehemu ya Uhispania iliyokuwa mikononi mwa Waislamu, katika karne ya 12. Vitabu vya Ulaya huwaita Almohad. Mji wao mkuu ulikuwa Marrakesh, na Seville, ambayo kwa Kiarabu iliitwa Ishbilia, waliifanya makao yao ng'ambo ya bahari. Mwaka 1172 Khalifa Abu Yaqub Yusuf alianzisha ujenzi wa msikiti mkuu mpya chini ya fundi mkuu Ahmad ibn Baso. Miaka 10 baadaye, 1182, msikiti ulikuwa unaswaliwa, na mwaka 1184 ikatoka amri ya kujenga mnara wake.

Ibn Sahib al-Sala, mwandishi wa historia aliyeishi enzi hizo, ameacha maelezo ya kazi ilivyoanza. Wachimbaji wa msingi walikutana na kisima kinachotoa maji. Ibn Baso hakuhamisha mnara. Alikijaza kisima mawe na chokaa mpaka kikazibika, ndipo akaanza kupandisha msingi juu yake. Msingi huo una upana wa takriban mita 15 hadi 16 kila upande na kina cha takriban mita 5, na mnara unaokaa juu yake una mita 13.6 kila upande. Yaani msingi umeuzidi mnara kidogo tu, na hauendi chini sana.

Kina hicho kinastahili kufikiriwa. Miaka 11 kabla, mwaka 1173, mafundi wa Pisa huko Italia walianza mnara wao juu ya msingi wa takriban mita 3 katika udongo laini usiolingana ugumu pande zote. Ilipofika 1178, wakiwa ghorofa ya tatu, mnara ulikwishaanza kuinama. Seville nayo imekaa kando ya mto mkubwa, Guadalquivir, na ardhi yake ni ya mchanga na tope la mto. Ibn Baso alipanga mawe makubwa yaliyochongwa mraba, mengine akiyatoa kwenye majumba ya watawala waliotangulia na kwenye ukuta wa mji, akapata kitako kizito na kipana. Mnara aliouwekea kitako hicho umeongezewa mzigo mkubwa karne nne baadaye, umetikiswa na matetemeko, na bado umesimama.

Mawe hayo ya zamani yanaonekana hadi leo, na kuyatazama hakuna malipo. Nenda kwenye kona ya chini ya mnara, upande wa uwanja wa Plaza Virgen de los Reyes, uangalie safu za kwanza juu ya usawa wa barabara. Utaona mawe yenye maandishi ya Kilatini, yamepangwa ukutani pamoja na mawe mengine. Moja lilitolewa na waendesha mashua wa Hispalis, jina la mji huu zama za Warumi, kumheshimu ofisa aliyeitwa Sextus Iulius Possessor. Kazi zake zimeandikwa humo humo: alikagua mafuta ya zeituni yaliyotoka Afrika na Hispania na kuwalipa wenye meli nauli zao. Ni jiwe la karne ya pili, ofisi yake ni ya bandari na biashara ya mafuta, na miaka elfu moja baadaye Waislamu wakalitumia kubeba mnara wa adhana. Hakuna pembe nyingine ya Seville inayosema mengi kiasi hiki katika eneo dogo hivi, na kila siku mamia ya watu husimama pale wameipa mgongo wakingoja wenzao.

Ujenzi haukwenda moja kwa moja. Mwaka huohuo wa 1184 khalifa alijeruhiwa vitani Santarém, Ureno, akafa, na kazi ikasimama. Mwanawe, Abu Yusuf Yaqub al-Mansur, aliirudisha mwaka 1188 akiwa na fundi mwingine, Ali al-Ghumari, naye akaacha mawe akaendelea kwa matofali. Badiliko hilo unaliona ukisimama nje: chini ni mawe ya kijivu, kisha matofali mekundu yanapanda mpaka juu. Matofali yana wepesi wake kwenye kazi ya namna hii, maana hutengenezwa karibu, hupandishwa kidogokidogo, na fundi anaweza kuyapanga yakatoka nje ya ukuta nusu kidole na kufanya nakshi. Nakshi kubwa za kila upande, zile zinazoonekana kama wavu wa mvuvi uliotandazwa ukutani, zimefanywa kwa njia hiyo. Ni matofali, hazikubandikwa.

Mnara ulikamilika 1198. Al-Mansur alikuwa amewashinda Wakastilia, Wakristo wa ufalme wa Kastilia, katika vita vya Alarcos mwaka 1195, na kileleni akataka alama ya ushindi. Abu'l-Layth al-Siqilli, ambaye jina lake lamtaja kuwa wa Sisilia, akatengeneza matufe ya shaba yaliyofunikwa dhahabu, yaliyopangwa kwenye mlingoti mmoja, kubwa chini na dogo juu. Yaliinuliwa tarehe 10 Machi 1198, khalifa mwenyewe akishuhudia.

Namna ya kuupanda

Sasa tuingie ndani, kwa kuwa hapa ndipo ustadi wenyewe ulipo. Giralda kwa ndani ni minara miwili. Mmoja wa nje, wenye kuta nene, na mwingine mwembamba wa katikati wenye vyumba saba, kimoja juu ya kingine. Nafasi iliyobaki kati ya kuta hizo mbili ndiyo njia ya kupandia, nayo haina ngazi. Ni mteremko wa sakafu ya matofali unaozunguka kiini cha katikati, pembe kwa pembe. Kila upande wa mraba una kipande kimoja cha mteremko, kisha unafika konani, unageuka, unaanza kingine. Vipande vyote ni 35, na vimewekewa namba ukutani. Zingatia namba hizo kwa sababu zinakusaidia kugawa nguvu zako: ukiona 17 ujue uko nusu ya njia. Baada ya cha 35 kuna ngazi chache, 17 tu, ndipo unatokea penye kengele.

Kwa nini mteremko? Ibn Sahib al-Sala anasema njia ilifanywa pana kwa ajili ya wanyama, watu na walinzi. Mwadhini alipaswa kupanda mara tano kwa siku, kila siku ya mwaka. Simulizi maarufu inamweka juu ya farasi, wengine husema punda. Ukitembea humo utaona kwamba mnyama hapati shida yoyote kupita: sakafu haina kizuizi, dari ni ya juu, na kona zina nafasi ya kugeuka. Hata vifaa vya ujenzi vingeweza kupandishwa kwa njia hiyohiyo kadiri mnara ulivyokuwa unakua.

Kiini cha katikati kina faida ya pili. Sakafu za mteremko na dari zake za matao zimeshika ukuta wa nje na wa ndani pamoja, kuanzia chini hadi juu, kwa hiyo kuta hazisimami peke yake. Naamini hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya mnara huu kuvumilia matetemeko, likiwemo lile kubwa la Lisbon la mwaka 1755.

Jambo jingine la kutazama ni madirisha. Ukiwa nje utashangaa kwamba madirisha ya upande mmoja hayako usawa na ya upande mwingine. Si kosa la fundi. Kila dirisha limewekwa mahali ambapo njia ya ndani imefikia, na kwa kuwa njia inapanda huku inazunguka, madirisha nayo yanapanda upande hadi upande. Mchoraji wa nakshi ikambidi apange mapambo yake kufuata madirisha hayo, lakini bado kila upande umetulia machoni. Hiyo ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana.

Wenyewe wapya

Mfalme Ferdinand III wa Kastilia aliuzingira mji, na tarehe 23 Novemba 1248 Seville ikasalimu amri. Historia ya Kihispania ya karne hiyohiyo inaeleza kwamba Waislamu waliomba ruhusa ya kubomoa msikiti na mnara wao kabla ya kuondoka, wasiuache mikononi mwa wengine. Mwana wa mfalme, ambaye baadaye akawa Alfonso X, akajibu kwamba tofali moja tu likiondolewa, watu wote watapitishwa upanga. Kama maneno yalitamkwa hivyo au la, matokeo ni kwamba mnara ulibaki mzima. Msikiti uligeuzwa kanisa na ukatumika hivyo kwa zaidi ya miaka 150.

Mwaka 1356 tetemeko liliangusha matufe ya dhahabu. Pakawekwa msalaba, na mwaka 1400 kengele ya saa. Mwaka uliofuata, 1401, wakuu wa kanisa waliamua kujenga kanisa jipya kabisa. Msikiti ukavunjwa hatua kwa hatua, na kanisa kubwa la Kigothi likamalizika mwanzoni mwa karne ya 16. Viwili tu havikuguswa sana: ua wa msikiti, ambao leo ni Patio de los Naranjos wenye michungwa, na mnara. Mnara ulikuwa na kazi ya kufanya. Wenyewe wapya walihitaji pa kuning'iniza kengele, na hapakuwa na mahali parefu kuliko pale.

Kati ya 1558 na 1568 msanifu Hernán Ruiz akauongezea sehemu yote ya juu unayoiona leo: ghorofa ya kengele, kisha nyingine zinazozidi kupungua upana mpaka kileleni. Sehemu ya Muwahidun, mwili mkuu wa matofali, ina urefu wa takriban mita 50.5. Juu yake palikuwa na mnara mdogo wa pili wa mita 14 na ushei. Wengi hudhani huo mdogo ulivunjwa. Haukuvunjwa. Umo ndani ya ghorofa ya kengele, umezungukwa na kazi ya Hernán Ruiz, na ukiwa juu ukigeuka kutazama katikati badala ya nje, ukuta ulio mbele yako ni wake. Pamoja na nyongeza yote, Giralda sasa inafikia takriban mita 104. Ukitazama juu kutoka uwanjani utaona pia maandishi makubwa ya Kilatini yanayozunguka pande nne. Ni maneno ya Mithali 18:10, kwamba jina la Bwana ni ngome imara.

Kileleni kabisa kuna sanamu ya shaba nyeusi ya mwanamke mwenye zaidi ya mita 3, ameshika ngao mkono mmoja na kuti la mtende mkono mwingine. Iliyeyushwa na kumiminwa na Bartolomé Morel, ikapandishwa mwaka 1568. Inaashiria ushindi wa imani, lakini kazi yake ya kila siku ni kuonyesha upepo unakoelekea. Ngao ndiyo tanga: upepo ukiipiga, sanamu nzima inageuka kwenye mhimili wake. Sanamu hiyo ndiyo iliyoitwa Giralda kwanza, jina likahamia kwenye mnara, nayo ikabaki kuitwa Giraldillo.

Tatizo la kifaa cha namna hii ni kwamba kimewekwa mahali pabaya kuliko pote: jua kali, mvua, radi, na chuma kilichofungiwa ndani ya shaba. Chuma kikishika kutu, mhimili unakaza, sanamu haigeuki vizuri, na upepo mkali badala ya kuizungusha unaisukuma. Mwaka 1999 iliteremshwa kwa matengenezo, nakala ikakaa juu badala yake, na ya asili ikarudishwa 2005. Nakala ile sasa imesimama nje ya kanisa, mbele ya mlango wa kusini, na hapo ndipo pa kuona kwa karibu uso wake, mikunjo ya nguo na ukubwa wa ngao. Ukiwa chini ya mnara huwezi kuona chochote cha maana bila darubini.

Mnara wenyewe pia umepata majeraha. Radi iliupiga 1884 na kulazimisha ukarabati mkubwa. Na katika ukarabati ulioanza mwishoni mwa miaka ya 2010 mafundi walikuta mabaki ya rangi nyekundu ya udongo kwenye kuta. Hivyo matofali tuliyozoea kuyaona yakiwa wazi, zamani yalipakwa rangi.

Ndugu zake

Giralda ina ndugu wawili Moroko, wote wa dola ileile: Kutubiyya wa Marrakesh, na mnara wa Hassan huko Rabat ambao haukumalizika, ukaishia takriban mita 44. Wote wana njia ya mteremko ndani. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kuukumbuka Kutubiyya: Ibn Battuta, yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kutuachia maelezo yake, aliandika kwamba aliupanda mnara huo akaona mji wote. Yeye Seville hakufika, kwa kuwa zamani hizo ilikwisha kuwa mikononi mwa Wakastilia. Marekani nako ziliigwa Giralda kadhaa. Mojawapo ilikuwa mnara wa Madison Square Garden ya New York, uliojengwa 1890 na kubomolewa 1925, na nyingine ni Freedom Tower ya Miami, ambayo ipo. Zote hizo zimeiga umbo la nje tu.

Kuuzuru

Giralda haina tiketi yake peke yake. Tiketi ya kanisa kuu ndiyo inayokupandisha. Nunua mapema kwenye mtandao, uchague siku na saa, kwa sababu foleni ya dirishani katika majira ya kuchipua inaweza kukumalizia asubuhi yote ukiwa juani. Tiketi hiyo hukuruhusu pia kuingia kanisa la El Salvador, umbali wa dakika chache kwa miguu. Jumapili asubuhi ni ibada, watalii huingia mchana. Juma la kabla ya Pasaka epuka kabisa kama nia yako ni mnara: mji mzima uko kwenye maandamano ya kidini na ratiba ya wageni hubadilishwa.

Nenda saa ya kwanza ya kufunguliwa, na ukishaingia usianze na kanisa. Nenda mnarani moja kwa moja, kanisa utalitazama ukishuka. Sababu ni kwamba njia ya kupanda na ya kushuka ni hiyohiyo. Saa mbili tatu baadaye makundi hukutana kwenye kona, waliochoka husimama madirishani, na mwendo unakuwa wa kusukumana. Kaa upande mmoja, kona zipite polepole, na ukitaka kupumzika ingia kwenye nafasi ya dirisha usizibe njia. Vaa viatu visivyoteleza, maana sakafu imepitwa na nyayo nyingi.

Mtu wa afya ya kawaida hupanda kwa dakika 10 hadi 15 bila kukimbia. Wenye magoti mabovu huona kupanda ni rahisi kuliko ngazi, ila kushuka ndiko kunakouma, kwa kuwa mteremko husukuma vidole mbele ya kiatu. Funga kamba za viatu vizuri kabla ya kushuka. Lifti hakuna. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, kutokuwa na ngazi kusimdanganye: mwinuko ni mkali kwa kusukuma, na zile ngazi 17 za mwisho haziepukiki. Mtoto mdogo ni bora abebwe mgongoni kuliko kuja na kigari.

Juu kuna kengele 24, ziko karibu na vichwa vya watu, na hupigwa kweli. Ukiwa na mtoto mchanga au masikio yasiyovumilia kelele, tazama saa na usiwe chini yake zinapolia. Julai na Agosti joto hugonga nyuzi 40, na ingawa ndani ya mnara kuna kivuli, hewa huwa nzito watu wakijaa. Beba maji.

Ukifika juu, tazama kwanza upande wa ua wa michungwa. Kutoka hapo unaona vizuri jinsi ua ulivyo na umbo la msikiti, na miti ilivyopangwa kwa mistari. Machungwa yake ni machungu, si ya kula. Upande wa kusini utaona bustani na kuta za ikulu ya Alcázar, ambayo pamoja na kanisa na jumba la kumbukumbu za Indies, yaani nyaraka za makoloni ya Uhispania, iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1987.

Asiyeweza kupanda hajakosa yote. Picha nzuri ya mnara mzima hupatikana kutoka mtaa wa Mateos Gago, ambao unaelekea moja kwa moja kwenye uso wake wa mashariki, na nyingine kutoka Patio de Banderas, penye lango la kutokea Alcázar. Mwanga wa asubuhi ndio unaopiga upande huo, na nakshi za matofali hutoa vivuli vyake. Kufika saa sita utakuta zimefifia.

Mkitoka, pitieni ua wa michungwa mpaka lango la Puerta del Perdón. Milango yake mikubwa ya mbao iliyofunikwa vipande vya shaba ni ya msikiti wa Muwahidun, na kwenye vipande hivyo kuna maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kufi. Anayejua kusoma Kiarabu apewe nafasi ya kusogea karibu, kwa sababu herufi ni ndogo na wengi hupita wakidhani ni maua.